Nguvu ya Miguu Si Cheti cha Moyo

Hotuba iliyosomwa na Karani kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Rhamu



Mwenyekiti ametutaka sisi wa Halmashauri tuseme machache juu ya jambo ambalo halikuwamo katika taarifa zetu za miaka iliyopita. Katika taarifa hizo mmezoea kusoma habari za michango ya mazishi, karo za mayatima, na mipira iliyonunuliwa kwa ajili ya vijana. Leo twataka kusema juu ya mafuta yaliyomo ndani ya damu, yaani kolesteroli, ambayo vitabu vingine huiita lehemu, na juu ya dawa zake. Na hasa twataka kusema habari za watu wanaokimbia na kucheza mpira, ambao mtu akiwatazama hawezi kudhani kwamba maradhi yaweza kuwa na haja nao.

Hatukulichagua jambo hili kwa kupenda elimu tu. Limetufika nyumbani.

Wengi wenu mwamjua mwenzetu tunayemsema, lakini kwa kuwa ametuomba tusimtaje kwa jina, hatutamtaja. Umri wake umepita miaka 40. Kwa muda mrefu ndiye aliyewafundisha vijana wetu mpira, tena bila malipo. Kabla ya jua kupanda alikuwa akikimbia kandokando ya Mto Daua mpaka kwenye mashamba ya vitunguu, kisha akarudi. Na mto ulipokauka, alikimbia ndani yake juu ya mchanga, akisema kwamba mchanga hukomaza miguu. Ndugu yake wa baba mmoja alikufa ghafula kabla ya kutimiza miaka 50. Daktari mmoja alipopata habari hiyo alimshauri apimwe damu. Akapimwa, na kolesteroli ikaonekana imepanda sana. Akaandikiwa kidonge kimoja cha kumeza kila siku.

Baada ya wiki chache alianza kuumwa na mapaja na vigimbi vya miguu. Akatujia akatueleza. Na sisi tulimwambia nini? Tulimwambia, “Mtu anayekimbia kama wewe ana haja gani ya dawa ya watu wanene? Ziache.” Akaziacha. Yeye hakumwambia daktari, wala sisi hatukumwuliza tena.

Miezi ikapita. Siku moja ya mashindano, katikati ya kipindi cha pili, kifua kilimbana, jasho la baridi likamtoka, akaketi chini kando ya mstari. Tulitafuta gari, na muda ukapita tukilitafuta, mwisho tukampeleka Mandera. Kwa neema ya Mungu yu hai, na leo ameketi pamoja nasi. Lakini moyo wake umepata jeraha. Gharama ya gari na matibabu mtaiona katika hesabu za Mweka Hazina. Gharama ya ushauri wetu mbaya haimo katika hesabu hizo, na ndiyo sababu tumesimama mbele yenu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzetu alificha maradhi yake kwa kuwa sisi tulimfundisha kuyaficha. Baada ya tukio hilo tumeuliza kwa waganga wa hospitali na tumesoma, ili tusirudie kosa. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, kolesteroli si sumu. Mwili wenyewe huitengeneza, hasa katika ini, na huitumia kujengea kuta za chembe zake. Ubaya waja inapozidi. Kolesteroli husafiri katika damu ndani ya vifurushi, na katika karatasi za maabara mtaona vifurushi hivyo vimeandikwa kwa herufi. Ile iitwayo LDL huichukua kolesteroli na kuipeleka huko na huko mwilini, na ikizidi huingia katika kuta za mishipa na kukaa humo. Ile iitwayo HDL husaidia kuirudisha kwenye ini.

Ninyi wakulima wa Daua mwajua mabomba ya kunyweshea mashamba. Maji yenye matope yakipita miaka mingi, bomba hupungua upana kwa ndani, na siku moja shamba la mwisho halipati maji. Mishipa ya moyo yafanana na hayo, ila kwa tofauti moja kubwa. Matope ya bomba hutuama juu ya ukuta. Mafuta ya damu hujenga uvimbe ndani ya ukuta wenyewe. Uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake, na mshipa waweza kuziba kwa dakika chache. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa mzima asubuhi huanguka adhuhuri. Mafuta yenyewe hayana maumivu wala homa. Hayajulikani ila kwa kupima damu.

Hapo wazee watatuuliza, na ni haki yao kuuliza: “Mbona baba zetu waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na samli, na hatukusikia habari hizi?” Swali hili liliwahi kuulizwa na madaktari wenyewe. Mwaka 1962 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha taarifa ya madaktari wa Kitaliano, Lapiccirella na wenzake, waliowachunguza wafugaji wa kuhamahama nchini Somalia walioishi kwa maziwa. Hawakukuta kwa watu wale kolesteroli iliyopanda wala maradhi ya mishipa ya moyo ambayo chakula chenye mafuta mengi kama hicho kingewafanya wayatazamie. Mwaka 1964 daktari wa Kimarekani aitwaye George Mann, pamoja na wenzake, alitoa habari za Wamaasai wa Tanganyika, nao pia walikula maziwa na nyama kwa wingi, na kolesteroli yao ilikuwa chini.

Basi wazee wamesema kweli. Lakini maisha ya watu wale hayakuwa maziwa peke yake. Yalikuwa maziwa pamoja na mwendo wa mchana kutwa nyuma ya mifugo, pamoja na miezi ya kiangazi ambayo chakula kilikuwa haba, na miili iliyokuwa myembamba tangu ujana hata uzee. Sisi tumebaki na maziwa, nyama na nyirinyiri, tukaongeza sukari nyingi katika chai, vyakula vya kukaangwa, na gari la kutupeleka mahali ambapo baba zetu wangefika kwa miguu kabla chai haijachemka. Wengine wetu huketi na miraa tangu alasiri mpaka usiku, na miraa huuendesha moyo mbio na kupandisha shindikizo la damu. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Twasema kwamba hatuwezi kurithi kinga ya wazee wetu bila kurithi mwendo wao.

Mtu aweza kujibu, “Lakini mwenzetu yule hakuwa mtu wa kuketi. Alikuwa na mwendo kuliko baba zetu.” Ni kweli, na hapa ndipo penye fundisho kubwa la hotuba hii.

Mwaka 1972 yule daktari Mann na wenzake walitoa taarifa nyingine. Walikuwa wamechunguza mioyo na mishipa ya wanaume wa Kimaasai 50 baada ya kufa. Mtu angetazamia wakute mishipa safi. Hawakuikuta. Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa kwa maradhi kama zile za wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka pamoja na umri, hata njia ya damu ikabaki wazi. Madaktari wale walikisia kwamba kutembea na kazi ya mwili ndivyo vilivyoipanua. Tafadhali lishikeni neno hilo. Mazoezi yaweza kupanua njia, nayo huupa moyo nguvu na kushusha shindikizo la damu. Lakini hayakuyaondoa mafuta katika kuta za mishipa ya watu wale.

Mfano wa pili watoka Marekani. Alikuwako mwandishi aitwaye James Fixx. Alipokuwa na umri wa miaka 35 alikuwa mnene na mvutaji mkubwa wa sigara. Akaacha sigara, akaanza kukimbia, akapungua mwili, na mwaka 1977 akatoa kitabu juu ya kukimbia kilichowatia watu wengi sana barabarani. Baba yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 43. Tarehe 20 Julai 1984, Fixx mwenyewe alianguka akafa akiwa katika mbio zake za kila siku, katika jimbo la Vermont. Alikuwa na miaka 52. Walipomfungua walikuta mishipa mitatu ya moyo imezibana vibaya, mmoja wao karibu kabisa. Wako waliosema kwamba mbio ndizo zilizomwua. Sisi twaona kwamba huenda mbio zilimwongezea miaka juu ya ile aliyoipata baba yake, lakini hazikuweza kumfutia yote aliyorithi, wala miaka ya tumbaku.

Maana kolesteroli hurithiwa pia. Hesabu za dunia zaonyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu 250 hadi 300 huzaliwa na hitilafu ambayo huizuia ini yake kuiondoa LDL katika damu ipasavyo. Mtu huyo aweza kuwa mwembamba kama fimbo na kula kwa kiasi, na damu yake ikawa na mafuta tangu utotoni. Daktari akiona LDL imefika 4.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, au imezidi hapo, huanza kuuliza habari za baba, mama na ndugu. Kwa hiyo kifo cha ghafula katika ukoo, cha mwanamume kabla ya miaka 55 au cha mwanamke kabla ya 65, si jambo la kuliliwa tu na kusahauliwa. Ni habari ambayo walio hai yawapasa kuipeleka kwa daktari.

Twaongeza neno moja ili tusiwatishe wazazi bure. Kijana aliye chini ya miaka 35 akianguka uwanjani, mara nyingi sababu si kolesteroli, bali ni kasoro ya moyo wenyewe. Mchezaji wa Kameruni, Marc-Vivien Foé, aliyekufa uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, alikutwa na moyo ambao kuta zake zilikuwa zimenenepa. Kijana anayezimia akicheza apelekwe hospitali upesi, akapimwe moyo. Lakini sisi tuliopita miaka 35, adui yetu mkubwa uwanjani ni mishipa iliyoziba.

Sasa tuje kwenye dawa. Dawa zinazotumiwa zaidi huitwa statini, na asili yake ni kuvu. Mjapani mmoja, Akira Endo, aliyefanya kazi katika kampuni ya dawa mjini Tokyo, alijua kwamba kuvu ndiyo iliyotupa penisilini. Akawaza kwamba huenda kuvu nyingine ikawa na kitu cha kuizuia kolesteroli isitengenezwe. Yeye na wenzake walijaribu aina zipatazo 6,000 za kuvu na vijidudu vingine, na mwaka 1973 wakakipata kitu hicho katika kuvu iliyo jamaa ya ile ya penisilini. Dawa ya kwanza ya jamii hii iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987, miaka 3 baada ya kifo cha Fixx. Endo alifariki mwaka 2024, baada ya kuona mamilioni ya watu wakitumia matunda ya kazi yake.

Dawa hizi hufanya kazi katika ini. Huipunguzia ini uwezo wa kutengeneza kolesteroli, nayo ini ikipungukiwa huivuta zaidi LDL iliyomo katika damu. Kwa kawaida LDL hushuka kwa asilimia 30 hadi 50, kwa kadiri ya aina na kipimo cha dawa. Faida yake haikukisiwa tu. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi za kaskazini ya Ulaya kwa wagonjwa 4,444 waliokwisha kuwa na ugonjwa wa moyo. Nusu walipewa statini, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya miaka mitano na zaidi, katika kundi lisilo na dawa walikufa watu 256, na katika kundi la dawa watu 182. Ndugu zangu, hesabu hiyo ni watu 74 walioendelea kula pamoja na jamaa zao.

Lakini dawa hii haiponyi mara moja kama ya malaria, ambayo mtu huimeza siku chache akamaliza. Humlinda mtu maadamu anaimeza. Akiiacha, kolesteroli hurudi ilipokuwa baada ya wiki chache, wala hatasikia kwamba imerudi.

Je, ile habari ya maumivu ya misuli ni kweli au ni uvivu wa mgonjwa? Hapa yafaa tuwe waadilifu, maana wenzetu wanamichezo wamedharauliwa kwa pande zote mbili. Sisi tulimwambia mwenzetu dawa haina kazi. Mwingine angemwambia maumivu hayapo.

Mwaka 2004 wataalamu wa Austria walitoa taarifa ya wanamichezo 22 wa kulipwa waliorithi kolesteroli ya juu, ambao walikuwa wakiwaangalia kwa miaka 8. Walijaribiwa kwa statini za aina mbalimbali, na mwishowe ni 6 tu walioweza kuendelea na mojawapo. Wengine wote walishindwa kwa sababu ya misuli. Basi mtu anayeitumikisha misuli yake kupita watu wengine aweza kweli kuona taabu ya dawa hizi kuliko wengine. Mwenzetu hakuwa mwongo wala mlegevu.

Kwa upande wa pili, mwaka 2020 Waingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 60 ambao walikuwa wameziacha statini kwa sababu ya maudhi. Kwa muda wa mwaka walipewa chupa za mwezi mmoja mmoja: miezi mingine zenye dawa, miezi mingine zenye vidonge vitupu, na miezi mingine chupa zisizo na kitu, bila ya kuambiwa vidonge vipi ni vya dawa. Ilionekana kwamba sehemu 9 katika 10 za maudhi ya dawa yalitokea vilevile kwa vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila kwa sehemu kubwa hayakuletwa na dawa yenyewe. Nusu ya watu wale walikubali kurudia dawa baada ya kuonyeshwa hesabu zao.

Mambo haya mawili hayapingani. Yatufundisha kwamba mtu peke yake, au pamoja na marafiki wake chini ya mti, hawezi kujua maumivu ya miguu yake yameletwa na dawa, au na mbio za jana, au na hofu. Hiyo ni kazi ya daktari, na daktari hawezi kuifanya asipoambiwa.

Kwa ajili hiyo tumekusanya mashauri haya, tukayahakikisha kwa wauguzi na madaktari.

Mwanamichezo aandikiwapo statini, amweleze daktari mapema kwamba yeye hukimbia au hucheza, na kwa kiasi gani. Asianze dawa na mazoezi makali mapya katika juma moja, maana hatajua kipi kimemwumiza. Akiumwa na misuli ya pande zote mbili, kama mapaja yote mawili, apunguze mazoezi na aende kwa daktari upesi. Daktari aweza kuisimamisha dawa kwa muda, akaona kama maumivu yatapungua, kisha akapunguza kipimo, au akampa statini ya aina nyingine, au akampangia asiimeze kila siku. Ikishindikana kabisa, ziko dawa zisizo statini, kama ezetimibe, ambayo hupunguza kolesteroli inayoingia kutoka tumboni. Ziko pia sindano mpya zenye nguvu, ingawa bei yake ni kubwa.

Huenda daktari akapima katika damu kitu kiitwacho CK, ambacho hutoka katika misuli iliyoumia. Lakini CK hupanda pia kwa mbio ndefu peke yake, hata kwa mtu asiyemeza dawa yoyote. Basi anayekwenda kupimwa apumzike siku chache bila mazoezi makali, na kama hakupumzika, aseme.

Iko hatari moja ambayo ni nadra sana, lakini haina subira. Misuli ikiuma sana na kulegea, na mkojo ukawa mweusi mweusi kama chai isiyotiwa maziwa, basi misuli inavunjika na figo zi hatarini. Hapo mtu asiimeze dawa tena, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hatari hii yaweza kuletwa hata na mazoezi ya kupita kiasi katika jua kali bila maji. Kwa jua letu la Rhamu, mazoezi na yawe alfajiri au jioni, na maji yawepo uwanjani.

Mwenye kumeza statini amwonyeshe mganga dawa zake nyingine zote, za hospitali na za miti shamba. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu na za kuvu hugombana na baadhi ya statini, zikazidisha nguvu yake mwilini. Mwanamke mwenye mimba, au anayetazamia kupata mimba, asizitumie mpaka ameongea na daktari.

Katika mwezi wa Ramadhani hakuna sababu ya kuacha. Kidonge ni kimoja kwa siku; mtu aweza kukimeza usiku baada ya kufuturu, kwa saa ambayo daktari amekubali. Tena mchezaji asiogope kwamba atafungiwa, maana statini hazimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni.

Wala mtu asidhani kwamba kidonge kimemwondolea wajibu mwingine. Tumbaku iachwe kabisa. Mafuta ya kukaangia yapungue, na mboga, maharagwe na matunda ya mashamba yetu ya Daua yaongezwe katika sinia. Na mbio ziendelee. Hatukusimama hapa kumtoa mtu uwanjani. Twataka abaki uwanjani hata wajukuu wake waje kumshangilia.

Ndugu Mwenyekiti, tumebakiwa na neno la mwisho, ambalo ni neno la Chama. Chama chetu kimesifiwa kwa kuchanga upesi mtu akifa. Ni sifa njema na tusiipoteze. Lakini mwaka huu tumejiuliza: ikiwa twaweza kukusanya fedha katika usiku mmoja kwa ajili ya sanda na chakula cha matanga, twashindwaje kukusanya kidogo mapema kwa ajili ya kupima damu? Kwa hiyo Halmashauri yaomba mkutano huu ukubali mambo manne.

La kwanza, kila mchezaji na mwalimu wa michezo aliyepita miaka 40, na yeyote ambaye ndugu yake alikufa ghafula kabla ya wakati, apimwe shindikizo la damu, sukari na kolesteroli kabla ya msimu wa mashindano kuanza.

La pili, sehemu ya fedha za michezo itengwe kwa ajili ya vipimo hivyo, na nauli ya kwenda penye mashine pale ambapo hapa petu hapana.

La tatu, siku ya mashindano gari moja na dereva wake wajulikane kabla ya mchezo kuanza. Mtu akibanwa na kifua aketishwe, asitembezwe, na safari ianze mara moja.

La nne halina gharama. Mwanachama yeyote asimshauri mwenziwe kuacha dawa aliyopewa na daktari. Amshauri arudi kwa daktari, na ikibidi amsindikize. Na hali ya damu ya mtu ni siri yake, isizungumzwe barazani.

Mwenzetu tuliyemsema amerudi kwenye dawa. Safari hii alieleza maumivu yake yote, akabadilishiwa aina na kupunguziwa kipimo, na miguu yake imetulia. Hakimbii tena mchangani. Kwa ruhusa ya daktari hutembea asubuhi mpaka kwenye mashamba ya vitunguu, na mmoja wetu hutembea pamoja naye. Tulipomwomba radhi alitujibu kwamba radhi ameitoa, ila angependa kosa lile lisomwe mbele ya watu, ili lisimpate mwingine.

Tumelisoma. Uamuzi sasa ni wenu.

Wasalaam.